Uzi maalumu: Waliofua nguo za Marekani, kabla ya mashine na baada yake

Binti Dobi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu na nitauweka kwa vipande, maana naandika nikitoka zamu. Naomba mnivumilie.

Mwezi uliopita nilifua kanga zangu mbili nikazianika kwenye ukingo wa kibaraza cha nyumba ninayopanga hapa Ohio. Jua lilikuwa kali, upepo unavuma vizuri, sikuona sababu ya kuzitia kwenye mashine ya kukaushia. Siku ya tatu nikakuta barua mlangoni: mkataba wa upangaji unakataza kuanika nguo mahali panapoonekana kutoka nje, na nikirudia nitatozwa faini. Barua ile niliisoma mara nne. Mama yangu alitusomesha watoto wanne kwa kufua nguo za watu pale Tanga. Uani kwetu kulikuwa na kamba sita, na kamba zote zikijaa tulijua ada ya shule imepatikana. Leo naishi mahali ambapo nguo iliyoanikwa ni kosa la kuandikiwa barua.

Nikataka kujua imekuwaje hadi kufika hapo. Nikaenda maktaba ya mtaa, nikaazima vitabu vya historia ya maisha ya kawaida ya Wamarekani, vile vinavyoandikwa kwa ajili ya msomaji yeyote. Vipo vingi na vinasomeka vizuri. Lakini ukifika sura ya kufua, karibu vyote vinaanza na mashine: picha ya mama wa nyumbani amesimama pembeni ya chombo cheupe, anatabasamu. Kana kwamba kabla ya hapo nguo zilikuwa zinajifua.

Mimi nasema kufua Marekani kuna historia yake ya watu, na watu hao walipigana. Mashine ni sura moja tu ya kitabu hicho, tena si ile nzito kuliko zote.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu vijana wengi humu hawajawahi kuiona. Karne ya 19 Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, Jumanne siku ya kupiga pasi. Maji yanachotwa ndoo kwa ndoo. Moto unawashwa chini ya chungu kikubwa cha chuma. Sabuni nyingi zilipikwa nyumbani kwa mafuta ya wanyama na maji yaliyochujwa kwenye jivu, sabuni inayochubua viganja. Nguo zinalowekwa, zinafikichwa kwenye ubao wenye mifereji, zinachemshwa huku zikikorogwa kwa mti, zinasuuzwa, zinapitishwa kwenye maji ya bluu, zinakamuliwa kwa mikono, zinatiwa wanga, ndipo zinaanikwa. Aliyewahi kukamua shuka zito la pamba peke yake anajua viwiko vinavyouma usiku.

Halafu pasi. Sisi tumezoea pasi ya mkaa, unafungua mdomo unatia makaa, unapepea. Yao ilikuwa kipande kizima cha chuma, paundi sita, saba au zaidi, hakina pa kutia moto. Unapanga tatu au nne juu ya jiko la kuni, unatumia moja mpaka ipoe, unairudisha, unachukua nyingine. Kwa hiyo jiko linawaka kutwa nzima hata mwezi Julai. Mpini nao ni chuma, unaushika na kitambaa. Mama alikuwa anapima joto la pasi kwa kulowanisha kidole mdomoni na kugusa upesi, asikilize mlio. Nimesoma kwamba wanawake wa huku walifanya hivyohivyo, nikaweka kitabu chini nikakaa kimya kidogo.

Sasa fikirini: mwanamke aliyepata senti za ziada alitaka kumpa mtu mwingine kazi gani kwanza? Si kupika, si kulea. Kufua. Huyo mtu mwingine ndiye niliyemfungulia uzi huu.

Mzee wa Makorora

Binti yangu, nimekaa siti ya mbele. Umenikumbusha kile kifuko kidogo cha bluu na shati langu jeupe la shule. Endelea.

Fundi Ampea

Tupo pamoja dada. Ila natangulia kusema: mimi naamini mashine ndiyo iliyowakomboa kina mama, na hoja hiyo nitakuja kuitetea. Kwa sasa nasoma.

Binti Dobi

Shikamoo mzee wangu. Kaka Fundi, nakusubiri. Tuingie Atlanta.

Ni mwaka 1881. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha miaka 16 iliyopita, utumwa umefutwa kisheria. Mji unajengwa upya, na wakubwa wake wanaandaa maonyesho ya kimataifa ya pamba yatakayofunguliwa Oktoba, ili wenye mitaji wa Kaskazini waje kuona Kusini mpya yenye vibarua wa bei nafuu. Karibu wanawake wote Weusi waliokuwa na kazi ya ujira mjini pale walifanya kazi za nyumbani za watu weupe, na kundi kubwa kati yao walikuwa wafuaji. Mfuaji alipata dola 4 hadi 8 kwa mwezi. Mabeseni yao walikata wenyewe kutoka kwenye mapipa ya bia. Sabuni na wanga walitengeneza wenyewe. Jumatatu wanakusanya nguo chafu kwa wateja, Jumamosi wanazirudisha zimenyooshwa, furushi kichwani.

Mwezi Julai wanawake kama 20 walikutana wakaunda chama cha wafuaji. Walichotaka kilikuwa kitu kimoja: bei moja mji mzima, dola 1 kwa kila paundi 12 za nguo. Wachungaji wakatangaza makanisani, na wanachama wakapita mlango kwa mlango kuwaomba wenzao wasipokee nguo kwa bei ya chini ya hapo. Ndani ya wiki tatu walifika 3000. Hata wafuaji wachache weupe waliingia, na hiyo ni Georgia ya 1881.

Jaribuni kuuona mji ule wiki ya pili ya mgomo. Joto la kiangazi, hakuna mtu wa kufua, mashati ya mabwana yenye kola za wanga yamelundikana. Polisi wakawakamata baadhi ya viongozi kwa madai ya kufanya fujo walipokuwa wakipita majumbani, mahakama ikawatoza faini. Wenye nyumba wakatishia kupandisha kodi. Kisha ukaletwa pendekezo kwenye baraza la mji: kila mwanachama wa chama cha wafuaji akate leseni ya dola 25 kwa mwaka. Piga hesabu, mtu anapata dola 4 kwa mwezi. Hiyo ni nusu mwaka wa jasho.

Jibu la wale wanawake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Walimwandikia barua meya, Jim English. Walisema wako tayari kulipa leseni ya dola 25, hata 50, kama ndiyo itakayowalinda, kuliko kukubali kushindwa. Wakishalipa, ufuaji wa mji mzima utakuwa mikononi mwao kwa bei zao, kama vile mji ulivyoishika kazi ya waume zao kwa bei za mji. Wakamtaka asilisahau hilo. Wakamalizia kwamba wanasubiri jibu la baraza Jumanne asubuhi, hawana mzaha, ni wiki hii au hakuna kufua.

Baraza likaachana na ile leseni.

Na hawakuwa wa kwanza. Juni 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita, wafuaji wa Jackson, Mississippi, walimwandikia meya wao kumjulisha bei zao mpya: dola 1.50 kwa siku. Galveston, Texas, waligoma 1877. Nasema hivi kwa uchungu: nilisoma historia ya Marekani kidato cha tano na cha sita, nikakariri marais. Hawa sikuwahi kuwasikia.

Nyar Kendu

Dada, nakusoma kutoka Nairobi. Hapa tunawaita mama fua. Wanakaa asubuhi kando ya barabara wakingoja kuitwa, na bei anaipanga mwenye nguo. Hiyo ya kukubaliana bei moja mji mzima imenigusa sana. Swali langu: kwa nini wale wa Atlanta hawakwenda tu kuwa wapishi au yaya? Si kazi hizo ni nyepesi kidogo kwa mgongo?

Binti Dobi

Swali zuri sana, dada. Mpishi anaamkia jikoni kwa bibi mwenye nyumba na kutoka usiku, macho ya bibi juu yake kutwa nzima. Watu hawa walikuwa wametoka utumwani juzijuzi, wengine wakiwa watu wazima kabisa. Mfuaji anafanya kazi uani kwake. Mtoto wake anacheza pembeni, jirani anafua naye beseni kwa beseni, wanapokezana moto na habari. Mteja akimtukana, Jumatatu ijayo hapiti kuchukua furushi. Kazi ni nzito kuliko zote lakini mwenye siku ni yeye. Ndiyo maana walioolewa na wenye watoto waliing'ang'ania.

Na ndiyo maana mgomo uliwezekana. Wanawake wanaofua pamoja uani wana mahali pa kuzungumzia bei.

Mwarabu wa Kilwa

Nimeishi Muscat miaka mingi, sinema za kale za Marekani ndizo zilizokuwa burudani yetu. Kila mji wa wachunga ng'ombe lazima Mchina awepo na ana duka la dobi. Nilidhani ni kejeli tu ya watengeneza filamu. Kuna ukweli?

Binti Dobi

Ukweli upo, na sababu yake ndiyo watu hawaijui. Kule China kwenyewe kufua ilikuwa kazi ya wanawake. Hao wanaume hawakuja na ufundi huo kutoka kwao.

Dhahabu ilipopatikana California 1848, wanaume walimiminika huko na wanawake walikuwa wachache mno. Kufua kukawa ghali kiasi kwamba kuna waliopeleka mashati yao kwa meli hadi Honolulu na Hong Kong, wakayasubiri miezi. Wachina walikuja kuchimba kama wengine. Jimbo likaweka kodi ya wachimbaji wa kigeni, mwaka 1850 dola 20 kwa mwezi, ikafutwa, ikarudi 1852 kwa sura nyingine, na mzigo mkubwa ukawaangukia wao. Wakafukuzwa kwenye machimbo na kufungiwa milango ya kazi nyingi. Duka la dobi lilihitaji maji, sabuni, jiko, pasi na mgongo. Wakashika hapo. Tangu 1882 sheria ya nchi ikawazuia vibarua wapya wa Kichina kuingia kabisa.

Sasa San Francisco. Mwaka 1880 jiji lilitunga sheria ndogo: dobi yeyote mwenye duka kwenye jengo la mbao lazima apate kibali cha baraza. Kwa maneno, ni usalama wa moto. Jiji lilikuwa na maduka ya dobi kama 320, na 310 kati ya hayo yalikuwa ya mbao. Wachina wapatao 200 wakaomba kibali, wote wakanyimwa. Wasio Wachina wapatao 80 wakaomba, wakapewa karibu wote. Sheria yenyewe ukiisoma hutaona neno Mchina hata mara moja.

Mmoja wao, Lee Yick, alikuwa amefua katika mji ule miaka 22. Duka lake liliitwa Yick Wo. Wakaguzi wa moto na wa afya walikuwa wamelipitisha. Akaendelea kufua bila kibali, akatozwa faini ya dola 10, akakataa kulipa, akawekwa ndani. Chama cha madobi wa Kichina kikamsimamia hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mei 10, 1886, majaji wote kwa sauti moja walisema hivi: sheria inaweza kuonekana ya haki kwenye karatasi, lakini ikitekelezwa kwa jicho baya na mkono usio sawa, inavunja katiba. Na ulinzi wa haki sawa ulio kwenye marekebisho ya 14 ya katiba ni wa kila mtu aliye ndani ya nchi, si wa raia peke yao.

Lee Yick hakuruhusiwa na sheria kuwa raia. Wengi wetu tulio huku, wenye kadi ya kijani na wasio nayo, tunasimama juu ya kesi iliyoletwa na dobi. Nami nimekuja kuifahamu baada ya miaka 11 ya kukaa hapa.

Kitu kingine kimoja kuhusu Wachina. New York, 1933, kipindi cha mdororo mkubwa wa uchumi, baraza la jiji lilikuja na pendekezo juu ya madobi wadogo: leseni ya dola 25 kwa mwaka na dhamana ya dola 1000. Zilezile dola 25 za Atlanta, miaka 52 baadaye! Madobi wa Kichina wakaunda umoja wao wenyewe, wakapeleka hoja, na leseni ikashushwa hadi dola 10, dhamana hadi 100. Niliposoma hapo niliinuka kwenye kiti.

Mzee wa Makorora

Hiyo ya leseni tunaijua vizuri. Mnyonge akianza kujikusanya, leseni inazaliwa. Mola awarehemu wote hao.

Wakili Msomi

Mleta uzi, kwa kuwa umeingia mahakamani, usiiache Oregon. Sisi tulifundishwa kesi ile chuoni, lakini hakuna aliyetuambia kwamba ilitoka kwa dobi.

Binti Dobi

Ahsante wakili, nilikuwa naielekea.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi ilianza kuhamia kwenye viwanda vya kufulia vya mvuke. Gari la farasi linapita mtaani, linachukua furushi, linalirudisha. Ndani ya kiwanda wasichana wanasimama kutwa kwenye mvuke, sakafu imelowa, mbele yao roli za moto za kunyooshea shuka ambazo zikikamata vidole havitoki vizima. Oregon ilikuwa na sheria ya 1903 kwamba mwanamke asifanye kazi kiwandani au kwa dobi zaidi ya saa 10 kwa siku. Septemba 4, 1905, tena Sikukuu ya Wafanyakazi, kiwanda cha Curt Muller mjini Portland kilimlazimisha Emma Gotcher kupita saa hizo. Muller akatozwa faini ya dola 10. Akakata rufaa hadi juu.

Upande wa jimbo ulitetewa na wakili Louis Brandeis, naye alisaidiwa na Josephine Goldmark na wenzake kukusanya ushahidi. Wakapeleka andiko la kurasa zaidi ya 100, na hoja za sheria zilichukua kurasa mbili tu. Zilizobaki zilikuwa ripoti za madaktari na wakaguzi wa viwanda kuhusu mwili wa mtu anayesimama saa nyingi. Februari 24, 1908 wakashinda kwa kura zote.

Hapa moyo wangu unagawanyika. Wafuaji walipata kupumzika, na hilo sitalidharau, mimi niliyemwona mama anashindwa kufunga ngumi asubuhi. Lakini mahakama ilitoa sababu kwamba mwanamke ni dhaifu na ni wa kuzaa, na sababu hiyo ikatumika baadaye kuwafungia wanawake kazi nyingine. Kina dada wa Troy, New York, walikuwa wameonyesha njia nyingine mapema zaidi. Kate Mullany, mhamiaji kutoka Ireland mwenye umri wa miaka ishirini hivi, aliongoza mamia ya wafuaji na wapiga pasi wa kola kugoma Februari 1864. Ndani ya wiki moja hivi walipata nyongeza ya asilimia 25. Hao hawakuomba kuhurumiwa kwa udhaifu.

Fundi Ampea

Sasa nimekuja. Dada, nakuheshimu, na hayo yote nimeyapokea. Ila mimi hutengeneza mashine za kufulia Mwanza, na nawaona kina mama wanavyonishukuru mashine ikiwaka. Mwanamke alikuwa anapoteza siku mbili kila wiki. Mashine ikazirudisha siku hizo. Akasoma, akaajiriwa, akapumua. Mabadiliko makubwa ya jamii ya Marekani ni hayo. Wanaharakati walisaidia, lakini mota ndiyo iliyomaliza kazi.

Binti Dobi

Kaka Fundi, nakujibu kwa heshima ileile. Mgongo ulipona, hilo sibishi. Kukamua, kubeba maji, kusimama juu ya chungu cha moto, mota iliyachukua hayo na Mungu aibariki mota. Ninachobisha ni hizo siku mbili.

Mashine za umeme zilianza kuuzwa kabla ya 1910, kampuni ya Hurley ya Chicago ikiwa na Thor yake. Mwaka 1922 Maytag wa Newton, Iowa, wakatoa ile yenye mkono wa chini unaozungusha maji kwa nguvu, ikauzika mno. Mwaka 1937 ikaja Bendix inayojifulia na kujisuuza yenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha utengenezaji, na baada ya 1945 kila nyumba mpya ya kitongojini ilitaka yake.

Mwaka 1974 ulichapishwa utafiti wa Joann Vanek uliolinganisha saa za kazi za akina mama wa nyumbani wasioajiriwa. Miaka ya 1920 walifanya kazi za nyumbani saa kama 52 kwa wiki. Miaka ya 1960, wakiwa na mashine, friji na umeme: saa kama 55. Na muda wa kufua peke yake uliongezeka. Mimi pia sikuamini, nikarudia kusoma.

Sababu ukiziwaza zinaonekana. Nguo zikawa nyingi, na shati la kuvaliwa siku tatu likawa la siku moja. Lakini iliyo kubwa zaidi ni hii: mashine ilipoingia, wasaidizi wote walitoka. Mfuaji wa Jumatatu akaondoka. Gari la kiwanda cha dobi likaacha kupita. Binti mkubwa akaenda shule, na ni haki yake. Mume hakuwa tena na kuni za kupasua wala maji ya kuteka. Kazi iliyokuwa ya watu watano ikalundikwa kwa mtu mmoja, chumba cha chini ya nyumba, peke yake na mashine. Kazi iliyokuwa inatoka nje kwa malipo ikarudi ndani bila malipo.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alimpa mwanamke wa Marekani nafasi ya kuajiriwa, nitakuambia ilibidi adai kwa mwajiri, mahakamani na kwa mume wake. Mashine ilimwondolea maumivu. Muda aliupigania.

Nyar Kendu

Ni ukweli mtupu. Tulinunua mashine mwaka juzi. Zamani tulifua Jumamosi moja, watu wote wa nyumba, hadi watoto wanasuuza soksi. Sasa nafua karibu kila siku na hakuna anayenisaidia, kwa sababu "si kuna mashine".

Fundi Ampea

Dada, hapo umenishika. Mimi nakutana na mashine tu, nyumba sikai. Nitamuuliza mke wangu leo. Na je, huko shamba umeme ulifika lini?

Binti Dobi

Ulichelewa sana. Katikati ya miaka ya 1930 takriban shamba moja kati ya kumi ndilo lililokuwa na umeme, wakati mijini karibu nyumba tisa kati ya kumi zilikuwa nao. Kampuni binafsi zilisema nguzo ni ghali na wateja wametawanyika. Maytag waliuza hadi mashine zenye injini ya petroli kwa ajili ya wakulima. Rais Roosevelt akaunda wakala wa umeme vijijini Mei 1935, sheria ikafuata 1936, na kazi ikafanywa na ushirika wa wakulima wenyewe kwa mikopo ya serikali, kiingilio dola 5. Wakala huo kwa kifupi uliitwa REA. Ndiyo, herufi zilezile ambazo nyumbani tunazisema tukiona nguzo zinaingia kijijini.

Nimalizie na bibi mmoja, halafu niwaachie uwanja.

Oseola McCarty alizaliwa 1908 Mississippi, akakulia Hattiesburg. Aliacha shule darasa la sita kumuuguza shangazi yake, na hakurudi tena. Akafua nguo za watu zaidi ya miaka 75. Miaka ya 1960 alinunua mashine ya kufulia na ya kukaushia. Akazikataa. Mashine haisuuzi inavyotakiwa, alisema, na ile ya kukaushia inageuza nguo nyeupe kuwa za manjano. Akarudi kwenye chungu chake, ubao wake na kamba yake ya futi 100. Alistaafu 1994, ana miaka 86, baada ya vidole kukaza kwa baridi yabisi.

Alikuwa ameweka akiba benki tangu utotoni. Afisa wa benki akamuuliza angependa fedha ziende wapi akifa. Ili kumrahisishia, akampangia mezani sarafu kumi za senti kumi, kila moja ikisimama badala ya fungu moja la kumi. Moja akaisukuma upande wa kanisa. Tatu akawapa ndugu zake watatu, moja moja. Sita akaziweka upande wa chuo kikuu cha mji wake, chuo ambacho hadi 1965 hakikupokea wanafunzi Weusi. Sarafu zile sita zilikuwa dola 150,000. Alitoa ahadi hiyo 1995 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo, akafariki 1999.

Mama yangu hakuwahi kuwa na akaunti ya benki. Fedha alifunga kwenye pembe ya kanga. Lakini nikimsoma bibi McCarty akisukuma zile sarafu naona kidole cha mama yangu.

Mwarabu wa Kilwa

Allah amrehemu mama. Na barua ya mwenye nyumba wako iliishia wapi?

Binti Dobi

Amina. Suala la kamba limefika hadi kwenye mabunge ya majimbo. Vermont ilipitisha sheria 2009 ya kuzuia vyama vya wenye nyumba kukataza watu kuanika, na Florida ilikuwa na sheria kama hiyo kabla yao. Wenye nyumba hudai kamba inashusha thamani ya mtaa, inafanya paonekane pa maskini. Hiyo ndiyo sababu, wala hawaifichi.

Kwa sasa kanga naanika chumbani kwenye kiango cha kukunja, dirisha wazi, zinachukua siku nzima kukauka. Wapangaji wenzangu wawili, mmoja Mkongo wa Bukavu na mwingine mama wa Kihonduras, nao walipata barua kama yangu. Juzi tumekaa mezani kwangu tukaandika jibu moja, tukaweka sahihi sote watatu. Tumeomba kamba moja ya pamoja nyuma ya jengo, na jibu kwa maandishi ifikapo Jumanne. Likija nitalileta hapa.